Bethdei ya Mtoto: Wazo la Sherehe Litoke Wapi?



Wapendwa wa Tunduma, wapendwa wa Nakonde, na wewe uliyelishika jarida hili la kumbukumbu ukiwa mbali kabisa na mpaka wetu, nakusalimu. Idara ya akina mama iliniomba nizungumze kwenye semina ya wazazi, na mada waliyonipa ilikuwa "Malezi". Malezi! Hiyo ni bahari, na mimi nilikuwa na dakika arobaini. Nikaomba nichote kikombe kimoja tu. Nikasema nitazungumzia bethdei za watoto wetu, na hasa namna tunavyochagua lile jambo ambalo sherehe nzima inalifuata. Kuna waliocheka. Lakini baada ya kipindi maswali yalikuwa mengi kuliko muda, na ndiyo maana wahariri wamesema niyaandike. Basi soma kana kwamba tumekaa pamoja kwenye benchi, na ukikuta nimeandika kama ninavyoongea, uniwie radhi.

Lile jambo vijana wetu wanaliita "theme". Mimi nitaliita wazo la sherehe. Ni kile kitu kimoja ambacho keki, mapambo, mavazi na michezo vyote vinakizunguka: mwaka huu simba, mwakani mpira, mwaka wa tatu binti mfalme. Sisi tuliokua zamani hatukulijua hilo. Mtoto aliyekumbukwa siku yake alimwagiwa maji na ndugu zake nje ya nyumba, akapewa paja la kuku, basi. Na wengi hata tarehe hawakuwa nayo. Huku kwetu kuna watu wazima walioambiwa tu kwamba walizaliwa wakati Wachina wanajenga reli, na reli ile ilijengwa kuanzia mwaka 1970 hadi 1975, kwa hiyo chagua mwenyewe mwaka unaoupenda. Sisemi zamani ilikuwa bora. Nasema tu kwamba jambo hili ni jipya kwetu, na kitu kipya kikiingia nyumbani lazima mtu akikague.

Najua pia wapo ndugu zetu wasiosherehekea siku ya kuzaliwa kabisa. Wanasema Biblia inataja sherehe mbili za namna hiyo, ya Farao katika Mwanzo 40 na ya Herode katika Marko 6, na zote mbili mtu aliuawa. Ni kweli, zipo hivyo. Siwalazimishi. Ila wasome pia Mwanzo 21, Ibrahimu alivyofanya karamu kubwa siku Isaka alipoachishwa kunyonya. Mtoto kufanyiwa karamu kwa sababu amefika hatua fulani akiwa hai, hilo si geni kwa watu wa Mungu. Kwa Herode nitarudi, maana ana la kutufundisha.

Sasa nikueleze jambo lililotokea kwetu. Sitataja familia, wala mwaka.

Wazazi walimwandalia binti yao wa miaka sita sherehe. Kadi ya mwaliko ilikuja kwenye simu, nzuri kweli, ina kingo za dhahabu na picha ya mtoto katikati. Chini kabisa iliandikwa kwamba watoto wote wavae nyeupe na dhahabu. Kutoka darasa langu la shule ya Jumapili walialikwa watoto kumi na tisa. Waliofika walikuwa kumi na mmoja. Wazazi wa wale wanane walituma ujumbe: huyu ana homa, huyu amesafiri, hawa wana msiba. Kesho yake Jumapili nikawaona wote wanane kanisani, wazima wa afya, wanaimba. Nikamvuta mmoja pembeni, mtoto wa miaka saba, nikamuuliza jana alikuwa wapi. Akasema, "Nyumbani. Mama alisema gauni jeupe tutanunua Krismasi."

Nyumba yao na ile ya sherehe zinatenganishwa na uzio wa mabati. Alisikia muziki wote.

Wale wazazi wenye sherehe si watu wabaya, mpendwa. Wanampenda binti yao, na hawakukaa chini kupanga kumzuia mtoto wa jirani. Waliona picha, wakapenda rangi. Lakini yale maneno mawili chini ya kadi, nyeupe na dhahabu, yalifanya kazi ya geti, na geti likachagua nani aingie. Hilo ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote nitakayosema: ukichagua wazo la sherehe, umeshachagua wageni. Ukitaka mavazi ya duka, wataingia wenye kununua. Ukitaka kila mtoto aje na sura ya katuni fulani, wataingia wenye televisheni na king'amuzi kilicholipiwa.

Upande wa pili wa ile sherehe tuliujua baadaye. Viti vilikodiwa, ukuta wa maputo ulikodiwa, mpambaji alitoka Mbeya. Fedha ilitoka kwa wale wakopeshaji tunaowaita kausha damu, na wewe unajua wanavyokuja kuchukua vitu. Walichukua. Na binti mwenyewe, nilipomuuliza alifurahia nini siku ile, alifikiri kidogo akasema hakuruhusiwa kukaa chini kwa sababu ya gauni.

Turudi kwa Herode. Marko anatuambia aliowaalika ni wakubwa wake, maafisa wa jeshi na watu mashuhuri wa Galilaya. Halafu akaropoka ahadi mbele yao. Alipoombwa kichwa cha Yohana alihuzunika, hakutaka, lakini alishaapa na wageni walikuwa wamekaa pale wanamtazama. Aibu mbele ya wageni! Mfalme mwenye askari na magereza alishindwa na macho ya watu waliokuja kula kwake. Sasa sisi hatumkati mtu kichwa, hapana. Lakini ni mara ngapi mzazi anajua kabisa moyoni kwamba hana hiyo fedha, anahuzunika, na bado anasaini kwa sababu kadi zimeshatumwa? Ukitaka kujua Bwana alipenda karamu ya namna gani, soma Luka 14. Pale anazungumza wazi juu ya kuwaalika wasioweza kukurudishia.

Hebu tuje kwenye swali lenyewe. Wazo la sherehe litoke wapi?

Litoke kwa mtoto. Na hapa wengi wanadhani wameshalifanya hilo, kwa sababu walimuuliza mtoto, "Unataka bethdei ya nini?" Mtoto ukimuuliza hivyo atakujibu alichokiona jana kwenye simu ya dada, au kile rafiki yake alifanyiwa. Hajakudanganya, ila amekujibu kwa haraka. Mimi nakushauri usimuulize kwanza. Mtazame wiki mbili. Akiamka anashika nini? Akiwa peke yake, hakuna anayemwangalia, anacheza nini? Anachora nini ukutani, hata kama umemchapa kwa kuchora? Ni swali gani anakuuliza mpaka unachoka? Wazo lipo hapo, na mara nyingi halina gharama kwa sababu vifaa vyake viko tayari nyumbani.

Nitakupa mfano mmoja na nitakaa nao, maana unatosha.

Mama mmoja wa ushirika wetu anauza chai na chapati kando ya barabara kuu, pale malori yanapopanga foleni kusubiri kuvuka. Mwanawe alikuwa anatimiza miaka mitano. Akanijia, "Mwalimu, nataka kumfanyia ya Spider-Man, mpambaji ameshanipa bei." Alinitajia bei nikanyamaza kwanza. Kisha nikamuuliza, asubuhi mtoto anashika nini? Akasema, "Makopo. Anaunda malori ya makopo, matairi anakata kandambili zangu. Nimebaki na mguu mmoja." Na akaendelea kunieleza, bila kujua anajijibu, kwamba yule mtoto akiwa ndani anasikia breki tu anakuambia hili ni lori la aina gani, hili limebeba shaba linatoka Kongo, hili ni la mafuta linakwenda. Baba yake ni dereva. Anakaa wiki mbili, tatu, hajarudi.

Nikamwambia, mama, wazo unalo. Ni malori.

Tuliipanga hivi. Kwenye duka la jumla tuliomba maboksi matupu ya biskuti na ya sabuni, tukapewa bure. Kila boksi tukalitoboa chini, likafungwa kamba mbili za kuning'inia mabegani, mtoto anasimama katikati, na hilo ndilo lori lake. Mbele watoto wenyewe walichora taa na kuandika namba ya gari, wa Tanzania namba za kwetu, wa Zambia za kwao. Uwanja ukawa barabara. Mwembe ulikuwa Dar es Salaam. Tangi la maji lilikuwa Lusaka. Katikati tulichora mistari ya vituo kwa majivu: Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma, halafu Nakonde, Mpika, Kapiri Mposhi. Kila dereva alipewa hati ya kusafiria, karatasi iliyokunjwa mara mbili, na kwenye kila kituo alitakiwa aseme jina la mji unaofuata ndipo apite. Watoto wa upande wetu walikwenda vizuri mpaka Tunduma, wakakwama. Watoto wa Nakonde wakawa wamekwama kabla ya hapo, Iringa hawaijui. Basi ikabidi waulizane. Mtoto wa Tunduma anamvuta shati mwenzake, "Baada ya Mpika ni wapi?" Hatukuwafundisha kufanya hivyo, mchezo ndio uliowasukuma.

Mizani ilikuwa ubao juu ya tofali. Mzigo ukizidi unashuka, unapunguza machungwa mawili, unapanda tena. Forodha ilikuwa meza, na mhuri tuliutengeneza kwa kiazi: unakata kiazi katikati, unachonga nyota, unachovya kwenye rangi ya chakula iliyobaki kwenye keki. Waliopenda kuwa maafisa walipanga foleni ndefu kuliko ya madereva. Dereva mmoja wa miaka sita alipofika mezani alikunja biskuti kwenye karatasi yake, akamsogezea afisa kimyakimya. Sisi watu wazima tulicheka, kisha mmoja mmoja tukaacha kucheka. Afisa, ambaye alikuwa na miaka minane, aliirudisha. Nilimpenda yule mtoto.

Keki aliioka mama mwenyewe kwenye jiko la mkaa, sufuria ndani ya sufuria, makaa mengine juu ya mfuniko. Alioka kwa mikebe miwili ya mkate badala ya duara. Mmoja ukakatwa theluthi, hicho kipande kikawa kichwa cha lori kwa mbele, na mkebe wa pili mzima ukawa tela. Matairi yalikuwa biskuti za mviringo. Kile kilichobaki cha mkate wa kwanza kiliwekwa juu ya tela kama mzigo, ukamwagiwa njugu. Mtu wa mapambo angecheka. Watoto waliizunguka dakika nzima hawataki ikatwe.

Mavazi? Kadi ilisema: mvalishe mtoto nguo anayochezea. Wote walikuja. Kila mmoja aliondoka amevaa boksi lake, na wiki nzima mitaani tulikutana na malori ya sabuni.

Baba wa mtoto hakuwepo. Alikuwa Kasumbalesa, foleni imesimama. Alipiga simu wakati wa keki, mama akaweka sauti ya juu. Hakusema heri wala nini. Aliuliza, "Dereva, umebeba mzigo gani?" Mtoto akajibu, "Machungwa, baba. Na mizani nimepita."

Mpambaji asingeweza kuleta hicho kwenye gari lake.

Sasa kuna swali niliulizwa sana pale semina: Je, katuni ni dhambi? Mtu akifanya sherehe ya Spider-Man ameingiza shetani nyumbani? Nitajibu kama mwalimu, wachungaji watanisahihisha. Kwanza, itazame hiyo katuni wewe mwenyewe kabla hujaichapisha kwenye keki. Wazazi wengi wanalipia picha ya kitu ambacho hawajawahi kukitazama hata dakika kumi. Ukikuta ni mambo ya uchawi na mizimu, mimi binafsi siyaleti mezani pangu, na mtoto nitamweleza kwa nini, kwa upole, siyo kwa kumtisha asilale. Ukikuta ni kijana anayeruka maghorofa kuokoa watu, sioni pepo hapo. Shida yangu na hizo picha ni nyingine. Hazina kazi ya kuwapa watoto. Umechapisha sura kwenye keki, kwenye vikombe, kwenye kofia. Wanapiga picha dakika tano. Halafu? Halafu wanaanza kupasuliana maputo na kulia. Wazo zuri lina mchezo ndani yake. Kama huwezi kusema watoto watafanya nini na wazo hilo kwa saa moja, bado huna wazo, una rangi tu.

Kwa hiyo kama binti yako amependa mabinti wafalme, sawa, usimvunje moyo. Tangu ile filamu ya Frozen itoke mwaka 2013 sijui nimeona keki ngapi za barafu, hapa ambapo barafu tunaiona kwenye friji. Muulize: huyo binti anafanya nini? Anajenga nini? Anamsaidia nani? Na kuna jambo lingine, akina mama, lisikieni. Mtoto mmoja wa darasa langu aliniuliza kama malkia anaweza kuwa na nywele kama zake. Miaka sita, anauliza hivyo! Mtengenezee malkia mwenye nywele zake, amevaa kitenge chake. Kama lazima iwe katuni, zipo pia zilizotoka kwetu. Ubongo Kids ilianza kuonyeshwa Tanzania mwaka 2014, inafundisha hesabu kwa nyimbo. Na wenzetu wa Zambia wana sababu ya kutembea kifua mbele, maana Supa Team 4, iliyotoka mwaka 2023, ilibuniwa na Mzambia, Malenga Mulendema, na wasichana wake wanne wanaishi Lusaka. Watoto wa Nakonde wakiambiwa hivyo macho yanawatoka.

Umri nao uangalie. Mtoto wa mwaka mmoja hana wazo, hiyo ni sherehe yako wewe na mumeo ya kumshukuru Mungu kwamba mmelala na kuamka mwaka mzima. Ifanyeni ibada ndogo, ugali, nyama, maombi, amelala saa mbili usiku. Wa miaka mitatu mpaka sita ndio wenye kitu kimoja wanachokipenda kupita kiasi, usiipoteze miaka hiyo. Kuanzia kumi, mwachie apange mwenyewe na rafiki wanne, na usishangae akikuambia hataki sherehe, anataka kwenda kumwona bibi. Mpeleke kwa bibi.

Kuhusu fedha sitasema mengi. Wenzetu wa vikoba huku na wa chilimba ng'ambo mnajua hesabu kuliko mimi. Ila kanuni yangu naitoa: ukichukua fungu lako ulilojiwekea, hiyo ni haki yako, hata ukilifanyia keki ya ghorofa tatu. Ukikopa kwa ajili ya ada ya shule, nitakusindikiza. Ukikopa kwa ajili ya maputo, usiniite kuwa mdhamini. Na ukiona mpango wako una vitu vingi vya kukodi kuliko vya kutengeneza, rudi kwa mtoto ukamtazame wiki nyingine.

Mmoja akaniuliza, "Lakini mwalimu, watu watasema nini?" Watasema. Yule mama wa chai walimsema, eti amewavalisha watoto wa watu maboksi ya sabuni. Baada ya mwezi mmoja wawili kati ya waliosema walikuja kumwomba awaonyeshe namna ya kuoka keki ya lori.

Sasa mambo ya huku kwetu mpakani, ambayo vitabu vya mapambo havitakuambia.

La kwanza ni saa. Tunduma iko saa moja mbele ya Nakonde. Ukiandika kwenye kadi "saa nane mchana" bila kusema ya wapi, watoto wa ng'ambo watafika keki imeshaliwa, na wewe utadhani wamedharau. Isitoshe wenzetu wanasoma saa kwa Kiingereza, saa nane yako kwao wanaiandika 13. Andika zote mbili: saa nane ya Tunduma, 13 ya Nakonde. Nimeona undugu ukiingia ufa kwa sababu ya jambo hili dogo.

La pili ni kuvuka. Tangu kituo cha pamoja cha forodha kifunguliwe mwaka 2019 mambo yamekuwa mepesi kuliko zamani, lakini mtoto ni mtoto. Usimvushe mtoto wa mwenzako peke yako kwa sababu tu mnajuana kanisani. Mzazi wake aje naye, na arudi naye kabla ya giza. Kama wageni wengi ni wa ng'ambo, ifanyie huko. Mbona viwanja wanavyo?

La tatu ni zawadi. Mtoto anaweza kukosa sherehe kwa kukosa zawadi kama alivyokosa kwa gauni. Andika kwenye kadi kwamba zawadi haihitajiki, na ukishaandika, usifungue zawadi mbele ya watoto. Zilizokuja ziweke chumbani.

Na kama unatafuta wazo na mtoto wako hajaonyesha lolote, nitakuachia moja la bure ambalo ni letu peke yetu. Huku vitumbua ni vya mchele, vinapikwa kwenye chuma chenye mashimo, vinanukia nazi na iliki. Ng'ambo ukiomba vitumbuwa utaletewa madonge ya unga wa ngano yaliyokaangwa kwenye mafuta, ambayo sisi tungeyaita ndugu wa maandazi. Jina moja, vitu viwili. Fanya sherehe ya vitumbua. Mama mmoja wa huku na mmoja wa Nakonde wapike mbele ya watoto, kila mtoto akoroge, ageuze chake kwa kijiti mtu mzima akiwa amemshika mkono, halafu wafungwe macho waonje waseme hiki ni cha upande gani. Vazi liwe kipande cha kitenge, ambacho wenzetu wanakiita chitenge na kila nyumba pande zote mbili inacho, hata kiwe kimechakaa. Kichwani, kiunoni, begani, popote. Hiyo haimwachi mtu nje.

Mengine ni ya kawaida. Panga saa mbili na nusu, zisizidi, watoto wakichoka wanaharibu hata kilichokuwa kizuri. Maombi yawe mafupi na yamtaje mtoto kwa jina. Muziki usivuke uzio. Kuanzia Desemba mpaka Aprili mvua yetu inaijua saa nane kuliko wageni, kwa hiyo usitegemee uwanja peke yake. Turubai la idara lipo, limeshonwa upya pale lilipochanika wakati wa mkutano, na linatosha watoto thelathini wakikaa kwenye mikeka. Anayelihitaji amwone katibu wa akina mama wiki moja kabla, alirudishe likiwa limekauka.